Matunda ya Njia ya Amani

Mtu apandaye njia ya msitu wa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, hutembea akitazama chini, maana mizizi ni mingi na udongo huteleza. Hivyo ndivyo nilivyoyajua matunda ya msitu ule kabla ya kuijua miti yake.

Siku moja nilipita huko na darasa langu. Kwanza tuliona tunda la msambu, kubwa, la rangi ya udongo, limejaa kokwa zenye mafuta mazito. Msambu ni mti wa milima ya Tanzania, wala hauna kwao kwingine po pote. Panya buku huzibeba kokwa zake na kuzifukia, na zile azisahauzo huota. Lakini huota polepole mno, hata kupita mwaka mzima.

Mbele kidogo, mahali palipokatwa miti zamani, ardhi ilikuwa nyeusi kwa matunda madogo ya mti ambao Waganda huuita musizi. Hondohondo walikuwa juu wakila na kutema kokwa. Wadachi walianzisha bustani yao ya majaribio Amani mwaka 1902, na katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20 mti huu ukaletwa. Haukuvuka bahari; kwao ni pande za Ziwa Viktoria.

Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ni mgeni mbaya, na akatwe." Wenzake wakaitikia. Mimi sikukubali, na hata leo sikubali. Mahindi na muhogo vilitoka Marekani, na ni nani kwetu atakayeving'oa? Ugeni si kosa. Musizi haustawi katika kivuli kizito. Watu walipoangusha miti mikubwa kwa ajili ya mbao, jua lilifika chini, nao ukakua upesi kuliko wenyeji. Tukiukata ovyo tutafungua tundu jingine, na kokwa zilizo tayari chini ni zake. Basi, kabla ya kuulaumu mti, na tulilaumu shoka.

Lakini nilipogeuka nyuma niliona ndimi za buluu. Wanafunzi wangu walikuwa wamepata kichaka kifupi, chenye majani ya vinyweleo na vitunda vitamu vilivyo karibu na weusi. Wataalamu wa mimea hukiita klidemia, nacho asili yake ni Marekani yenye joto. Hicho huvumilia kivuli, kwa hiyo huingia hata mahali ambapo shoka halijapita. Kitunda kimoja kina mbegu zaidi ya 100, ndogo mno. Mtu huzimeza bila kujua, akaenda kuziacha mbali. Juu ya hicho mimi ni mkali: king'olewe na mizizi yake kabla vitunda havijaiva, wala mtoto asikile akitembea. Hondohondo hawezi kuambiwa, ninyi mwaweza.

"Lakini ni vitamu, Mwalimu," akasema mdogo wao, akijifuta kinywa. Sikuweza kumkanusha, kwa maana mimi mwenyewe nilivila nilipokuwa sijui.

Tuliporudi, mzee mmoja wa kijiji alitupa kokwa tatu za msambu wa shambani kwake. Tulizifukia nyuma ya shule, penye kivuli. Sasa ni miezi saba, na kila Jumatatu wanafunzi huenda kutazama. Bado hazijachipua.