Alunguli: Taa ya gari ipimwe nyumbani, isingoje kontrole

KINDU – Katika komini ya Alunguli, mwenye gari anapojitayarisha kwa kontrole tekniki, kwanza anatafuta karatasi: karti roze, asiransi, vinyeti. Kisha anajaribu breki na klaksoni. Akifika kwenye taa anauliza jambo moja tu: zinawaka? Zikiwaka, kwake mambo yamekwisha.

Hapo ndipo kosa lilipo. Taa inayotazama juu inawaka vizuri sana, lakini inampofusha kila anayekuja mbele.

Kosa hilo lina uzito wa pekee Alunguli. Komini hii iko ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo. Watu wanavuka kwa kivuko na mitumbwi, na jioni wengi wanarudi kwa wakati mmoja: akina mama wa soko, wanafunzi, wasukuma baiskeli wenye mizigo. Njia nyingi hazina taa za barabarani wala nafasi ya watembea kwa miguu. Magari na piki-piki vinapita katikati yao.

Kati ya wanaotembea hapo kuna pia familia zilizokimbia vita. Goma ilianguka mwezi Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na mapigano yamesukuma watu hadi Maniema. Mama aliyefika juzi, mtoto mgongoni na bidoni ya maji kichwani, hajui bado shimo liko wapi pembeni mwa njia. Mwanga mkali ukimpiga machoni anasimama, au anajitupa upande usiofaa. Dereva anayetoka upande wa pili naye amepofuka, hamuoni.

Kongo ina Kanuni ya Barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978. Sheria si kitu kinachokosekana. Kinachokosekana ni ukuta, kipande cha kaa na nusu saa ya mwenye gari.

Kazi yenyewe ni hii. Matairi yanajazwa upepo sawasawa, mizigo inatolewa, kioo cha taa kinafutwa. Ampuli inatazamwa kama imekaa vizuri mahali pake, kwa maana ampuli iliyopinda haitengenezwi na visi yoyote. Kisha gari linasogezwa karibu na ukuta, mahali palipo tambarare, na alama ya msalaba inachorwa kwa kaa mbele ya katikati ya kila taa. Gari linarudishwa nyuma moja kwa moja hadi mita 10. Chini ya kila alama unachorwa mstari mwingine, sentimita 10 chini yake. Pasipo na nafasi ya mita 10, mita 5 zinatosha, na mstari unakuwa sentimita 5 chini.

Usiku ukiingia, dereva anakaa kwenye kiti chake na kuwasha taa fupi. Taa moja inafunikwa kwa kitambaa, nyingine inatazamwa. Ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kugusa ule mstari wa chini. Ukiupita, mwenzake anazungusha visi iliyo nyuma ya taa, polepole, hadi ushuke. Magari mengi yana visi mbili kwa kila taa: moja ya juu na chini, nyingine ya kuume na kushoto.

Kuna gari moja ambalo visi peke yake haiponyi: lile lenye usukani wa kuume, lililotengenezwa kwa nchi kama Japani au Tanzania, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto. Taa zake fupi zinainua mwanga upande wa kushoto, ili zimulike ukingo wa njia ya huko. Kongo inaendesha kuume. Basi mwanga ule ule unaishia machoni mwa anayekuja. Dawa ya kweli ni kubadilisha taa. Asiye na uwezo anaweza kuziba kwa utepe mweusi ile sehemu ya kioo inayoinua mwanga, na kuutazama tena utepe huo mara kwa mara, maana joto linaubandua. Waingereza wanaovuka bahari na magari yao kwenda Ufaransa wanabandika vibandiko vya namna hiyo kwenye taa. Si aibu ya maskini.

Piki-piki nayo isisahauliwe. Taa yake inapimwa motari akiwa amekaa na abiria nyuma, kwa sababu uzito wa nyuma unainua pua. Nyingi zinashikwa na buloni mbili za pembeni: zinalegezwa, taa inainamishwa, zinakazwa tena.

Madereva wana jibu lao: njia ni mbaya, taa ikiwa juu mashimo yanaonekana mbali. Neno hilo lina ukweli nusu. Kwa kuona mbali kuna taa ndefu, ambayo inatumika njia ikiwa tupu na kushushwa mtu akitokea. Na kwa kuwa njia ni mbaya, visi zinalegea haraka. Basi taa ipimwe mara nyingi zaidi, si mara moja kwa mwaka. Vilevile zile ampuli nyeupe kali za sokoni, zikiwekwa ndani ya taa isiyotengenezwa kwa ajili yake, zinatawanya mwanga kila upande. Dereva anadhani amepata nuru, kumbe amewanyima wengine.

Wengine wanasema kontrole yenyewe inaangalia karatasi tu. Ikiwa ni hivyo, ndiyo sababu zaidi ya kufanya kazi hii nyumbani. Lakini wenye mamlaka pia wana la kufanya, na si la gharama kubwa: ukuta mmoja wa Alunguli, wa shule au wa komini, upakwe mistari ya kudumu, na mita 10 zipimwe chini kwa mawe. Kila mwenye gari aje jioni apime bure. Kati ya waliokimbia vita hawakosekani vijana waliokuwa mafundi garajini kwao. Wapewe turnevisi, nao wapate chochote kwa kila taa wanayorekebisha.

Karatasi ya kontrole inamsaidia dereva mbele ya polisi wa rulaji. Taa iliyoshushwa inamsaidia mama anayetoka kivukoni gizani, naye hana karatasi yoyote ya kumlinda.