JENERETA YA PETROLI AU SANDUKU LA SOLA? TUSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA



Kwenye mkutano mkuu ujao tutaulizwa kama tunakubali kununua jenereta ya petroli ya kilowati 5, itumike ofisini, ghalani na kwenye mizani umeme unapokatika. Gazeti hili linasema: TUKATAE. Tununue sanduku la sola, tena kwa masharti. Sababu zetu ni hizi. Mwenye hoja tofauti aiandike, aibandike hapa chini. Nafasi tumeiacha.

JAMBO LENYEWE NI KILO ZETU

Wapo wanaosema, "Taa za ofisi zinanihusu nini mimi mkulima?" Ndugu, hapa si taa tu. Siku hizi mizani yetu ni ya kidijitali na stakabadhi inatoka kwenye mashine. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, mizani inanyamaza. Mama aliyeleta magunia mawili ya korosho kwa baiskeli kutoka mbali hawezi kuyarudisha. Akiyaacha bila kupimwa, kesho atabishana na karani. Akiyaondoa, njiani yupo mtu wa kangomba na bakuli lake, anamsubiri na noti mkononi. Kangomba hapendi mizani, anapenda giza. Kila saa mizani inapolala, yeye yuko kazini.

Wengine wanasema tusubiri, eti Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limeshaanza kazi. Kweli, mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia. Lakini bwawa halisimamishi nguzo iliyoliwa na mchwa, wala haliondoi mwembe ulioangukia waya. Laini ya kijijini ni ndefu, na kukatika kwake hakutaisha kesho. Akiba tunaihitaji. Swali ni akiba gani.

HESABU BILA POROJO

Tuhesabu matumizi ya siku moja umeme unapokatika:

1. Taa 6 za wati 9, saa 5 za usiku: wati-saa 270.
2. Kompyuta ya karani, wati 50 kwa saa 5: wati-saa 250.
3. Mizani na mashine ya stakabadhi, wati 20 kwa saa 8: wati-saa 160.
4. Simu 10 za makarani na walinzi, wati-saa 12 kila moja: wati-saa 120.

Jumla ni wati-saa 800. Kwa saa nane, wastani wake ni wati 100 tu. Sasa nauliza: kazi ya wati 100 tunaiitia mashine ya wati 5,000 ya nini? Ni kama kukodi lori la tani saba kubeba kikapu cha mihogo. Jenereta haijui kwamba umewasha taa sita tu. Injini ikishawaka inakunywa, iwe na kazi au haina. Ya ukubwa huo inakunywa karibu lita moja kwa saa hata ikiwa na kazi ndogo. Saa nane, lita nane.

Kwa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000. Siku moja ni shilingi 24,000. Tukikatikiwa siku 40 katika msimu, ni shilingi 960,000, mbali na oili, plagi na fundi. Hata tukichukua jenereta ndogo ya nusu lita kwa saa, bado ni shilingi 480,000. Fedha hizi zinatoka kwenye makato ya kila kilo yako. Na bei si yetu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi tunasikiliza redioni tu. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, mbali kabisa na mikorosho yetu, petroli hapa nchini ilivuka shilingi 3,000. Nchini Nigeria, ambako jenereta ndogo ziko kila mtaa, ruzuku ya petroli iliondolewa Mei 2023 na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwenye taa iliyofungwa kwenye petroli alizima au akafunga mkanda.

JENERETA INA MIDOMO MINGI

Mdomo wa kwanza ni wa petroli, wa pili ni wa oili. Mdomo wa tatu ni wa mwenye ufunguo. Hatumtaji mtu, kwa maana hatumtuhumu mtu. Tunasema tu kwamba dumu la lita 20 likikaa ofisini, na bodaboda ziko nje, haihitaji mganga kujua litapungua vipi. Jua haliibiwi kwa mpira wa kunyonyea.

Halafu moshi. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaona usingizi, analala, haamki. Jenereta yatakiwa kuwa nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Tujiulize kwa haki: mvua ikianza kunyesha usiku, karani ataiacha nje? Ataiburura mpaka barazani, kisha ndani ya ghala. Na ghalani kuna magunia makavu, na ganda la korosho lina mafuta yanayowaka vizuri. Tutakuwa tumeweka moto, petroli na jasho la kijiji kizima chini ya bati moja.

TUWAJIBU WAPINZANI WETU KWA HAKI

Wenzetu wanaotaka jenereta si wajinga. Wana hoja tatu nzito.

Hoja ya kwanza: "Sanduku la sola haliwezi kusukuma mashine ya kusaga." Kweli kabisa, na muuzaji atakayewaambia linaweza, mfukuzeni. Mota ya mashine ya nguvu-farasi 10 ni kilowati 7 na nusu, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa zaidi. Lakini hata jenereta hii ya kilowati 5 haiiwezi! Hivyo mashine ya kusaga isiingizwe kwenye mjadala huu. Wala tusiahidi zahanati kwamba tutachomeka friji ya chanjo. Chanjo hutaka nyuzi 2 mpaka 8 usiku na mchana, na zipo friji za sola zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hoja ya pili: "Mawingu yakikaa wiki nzima?" Msimu wetu unaanza Oktoba, jua likiwa kali, na mvua kubwa huja baadaye. Saa za kazi nyingi ndizo saa za jua jingi. Tena sanduku huchajiwa hata kwa umeme wa kawaida ukiwepo. Kazi ya jua ni siku ya pili na ya tatu ya kukatika. Ikitokea wiki ya mawingu bila umeme, tutazima taa nne, tutabaki na mizani. Ndiyo maana ya akiba.

Hoja ya tatu ndiyo kali: "Jenereta likiharibika fundi yuko hapa sokoni. Sanduku likifa, ni kopo." Hii hatuikwepi. Kama ingekuwa ofisi peke yake, tungesema tufunge paneli, betri na inveta ukutani, kila kimoja mbali, kikifa kibadilishwe hicho tu. Lakini mizani yetu huhama vituo vya kununulia, na betri ya ukutani haihami. Kwa hiyo sanduku la kubebeka, ila kwa masharti yafuatayo.

MASHARTI YETU

1. Jina lisituzuge. "Jenereta ya sola" haizalishi kitu. Ni betri yenye inveta ndani. Kinachozalisha ni paneli. Muuzaji akitaja wati peke yake, mwulize wati-saa. Wati ni upana wa mdomo wa dumu, wati-saa ni maji yaliyomo. Dumu la lita moja lenye mdomo mpana bado ni la lita moja.

2. Lisipungue wati-saa 1,000. Inveta hula sehemu yake, tutabaki na kama 850. Zinatutosha 800 zetu, ila kwa ncha ya kidole. Likipatikana la 1,500 kwa bei ya haki, ni bora.

3. Paneli ziwe wati 300. Kwa jua la saa tano, kwenye karatasi ni wati-saa 1,500, lakini kwa vumbi, joto na mawingu tuhesabu kama 1,000. Paneli ya wati 100 wanayoitoa kama zawadi itachukua siku mbili na zaidi kujaza sanduku.

4. Betri iwe ya lithiamu ya chuma na fosfeti, inayovumilia kuchajiwa mara 2,000 na kuendelea. Betri ya tindikali ukiimaliza mpaka chini kila mara hufa baada ya mara mia chache.

5. Dhamana iwe kwa maandishi, itaje nani atatengeneza na wapi. Neno la mdomo halitengenezi betri.

6. Paneli juani, sanduku kivulini. Joto la chini ya bati huua betri. Wakati wa kupuliza salfa paneli zifutwe kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, maana vumbi lile huziba jua.

7. Kuwe na daftari: nani kachukua, saa ngapi, karudisha likiwa na chaji kiasi gani. Sanduku lisiende kuonyesha mpira nyumbani kwa kiongozi yeyote. Sola haiibiwi petroli, lakini sanduku zima hubebeka kwa mkono mmoja!

BEI

Hatufichi: sanduku na paneli zake ni ghali kuliko jenereta siku ya kununua. Kamati ilete bei zote mbili kwa maandishi, tuzisome hapa ukutani kabla ya mkutano. Hesabu ni nyepesi. Chukua tofauti ya bei, igawe kwa petroli ya msimu. Tofauti ikiwa shilingi 1,500,000, hata kwa jenereta ile ndogo ya shilingi 480,000 kwa msimu, tutairudisha kwa misimu mitatu na kidogo. Kwa ile kubwa inayopendekezwa hata misimu miwili haifiki. Bei ikija kubwa mno, hesabu hiyo hiyo itatwambia tusubiri. Tutaikubali.

Ndugu, mtu akinunua jembe huangalia mpini, na akinunua mbuzi huangalia meno. Iweje fedha za makato yetu zinunue mashine kwa sababu tu inanguruma? Njooni mkutanoni, muwe na kalamu, muulize wati-saa. Asiyekuja asije akalalamika mizani ikinyamaza.

Kazi kwetu.

— Waandishi wa Gazeti la Ukutani