Adabu ya Sinema za Kale

Ndugu msomaji, wako Waislamu, tena watu wazima, ambao wakitajiwa ufisadi wa sinema hujibu: "Hizo ni za siku hizi. Zile za kale za Hollywood, za mapenzi na mzaha, zilikuwa na adabu." Maneno haya yamenifikia mara nyingi, na leo nataka kuyajibu.

Ni kweli kuwa mwaka 1930 wenye makampuni ya sinema ya Marekani walijiwekea kanuni, na padri Daniel Lord ni katika waliozitunga. Tangu 1934 zikashikwa kwa nguvu. Zilikataza uchi, matusi na kuipamba zinaa. Hapo Mwislamu husema: Alhamdulillahi! Asifanye haraka. Kanuni hizo hizo zilikataza mapenzi baina ya mweupe na mweusi, wala hazikubagua halali na haramu. Hata mume na mke wa ndoa, rangi zao zikitofautiana, walitiwa katika fungu moja na wachafu. Je, hiyo ni adabu, au ni jahiliya iliyovaa kanzu?

Tazama matunda yake. Katika michezo ile mweupe ndiye apendaye na kupendwa. Mweusi hufungua mlango, hupika na kubeba mizigo. Katika The Mad Miss Manton ya 1938, Hattie McDaniel ni mtumishi wa binti tajiri. Katika The Palm Beach Story ya 1942, matajiri walevi wanapiga bunduki ndani ya behewa la treni, na mtumishi mweusi anajificha. Hofu yake ndiyo kichekesho! Na bibi huyo Hattie alipopewa tuzo ya Oscar mwaka 1940, kwa mchezo mwingine aliocheza utumishi vile vile, alikalishwa meza ya kando, mbali na wachezaji wenziwe weupe.

Wala sisi hatukusalimika. Kanuni zilidai kuwa dini isifanyiwe mzaha na mataifa mengine yaonyeshwe kwa haki. Lakini katika Road to Morocco ya 1942 nchi ya Waislamu imefanywa uwanja wa mzaha. Binti mfalme wake ni Dorothy Lamour, Mmarekani mweupe. Na kabla ya hapo, katika The Sheik ya 1921, ambayo haikuwa ya mzaha, yule Shekhe aliyependana na bibi wa Kiingereza hubainika mwishoni kuwa baba yake ni Mwingereza na mama yake Mhispania. Maana yake ni kuwa Mwarabu hastahiki kupendwa mpaka asiwe Mwarabu.

Utasema: "Ni mzaha tu." Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kuwafanyia watu wengine mzaha, kwani huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka. Na Abu Dharr, alipomtukania mtu mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana jahiliya ndani yake. Ikiwa sahaba ameambiwa hivyo, sisi ni nani?

Sasa nitasema lililo chungu. Kwa nini tulizitazama sinema zile miaka yote tusione ila? Kwa sababu kanuni zile tunazo majumbani mwetu. Kijana mwenye dini na tabia njema analeta posa, inarudishwa kwa kuwa ni mweusi mno, au hana asili. Tukiulizwa, tunajikinga na neno kufu. Wanavyuoni wamezungumza juu ya kufu, lakini ni wapi walipoipima kwa rangi ya ngozi? Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe.

Basi ewe msomaji, usiisifu adabu inayofunika mwili ikaacha moyo uchi. Na posa itakapobisha mlango wako, uliza dini ya kijana na tabia yake kabla hujaitazama ngozi yake. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.