"Si amepiga hewani tu?" Hewani ni wapi?

Najua mlitegemea niandike kuhusu bumu lililochelewa na wale waliokamatwa na sup, lakini hayo yatasubiri. Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni "hewani".

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sendofu, upande wa barabara ya Mikindani. Pilau ilikuwa ya uhakika, hilo nakiri. Saa tano usiku MC akawaita wajomba waje kumtunza bibi harusi mtarajiwa. Wakaja wanacheza, noti mkononi. Mmoja wao, mtu mzima na heshima zake, akaingiza mkono kiunoni, akatoa bastola, akapiga 3. Pa, pa, pa. Juu. Watoto waliokuwa mbele wakakimbilia kwa mama zao. MC naye, badala ya kunyamaza, akasema "makofi kwa mjomba!" na makofi yakapigwa kweli. Nikamgeukia mshikaji wangu wa mwaka wa 3 kumuuliza kama ameona nilichoona. Akanijibu huku anatafuna: "Sasa wewe unaogopa nini? Si amepiga hewani tu?"

Tangu siku hiyo sina raha. Mtu anayepiga msuli wa fizikia mpaka saa nane usiku, anayejua kuandika fomula ya mvutano wa dunia hata akiwa usingizini, ananiambia risasi imeenda hewani! Hewani ni wapi? Kuna mtaa unaitwa hivyo? Una mwenyekiti wa serikali ya mtaa? Hakuna kitu kilichowahi kwenda hewani kikabaki huko isipokuwa setilaiti, na hizo nazo hudondoka, nitafika huko.

Basi tufanye hesabu. Kule Marekani, mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa mmoja wa jeshi aitwaye Julian Hatcher alitaka kujua kabisa nini kinatokea. Wakafyatua risasi za bunduki wima kwenda juu kutoka kwenye jukwaa lililojengwa majini, wakakaa wakasubiri. Risasi ilipanda karibu kilomita 2.7, ikageuka, ikarudi. Safari nzima ilichukua kama sekunde 49. Fikiria hapo: karibu dakika nzima. Mjomba ameshairudisha bastola kiunoni, ameshapokea makofi, ameshakaa, ameshafungua soda, ndipo "hewani" inarudi. Na ilirudi kwa mwendo wa mita 90 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kutoboa ngozi ya binadamu risasi inahitaji mwendo wa mita 60 kwa sekunde, na wengine wanasema hata chini ya hapo. Hapo tunazungumzia risasi iliyopigwa wima kabisa, ambayo inarudi imechoka.

Sasa niambieni, mjomba aliyekwisha kunywa, anayecheza, noti mkono wa kushoto, atapiga wima kabisa? Atapiga kimshazari. Risasi iliyopigwa kimshazari haisimami juu ikaanza kudondoka kama embe. Inakwenda na mwendo wake na mzunguko wake, na hata ya bastola inaweza kumaliza zaidi ya kilomita 1 kabla haijafika chini. Kwa hiyo anayeipokea hakualikwa kwenye sherehe. Hajui hata kama kuna sherehe. Yuko mtaa wa tatu, amelala chini ya bati, au, kwa joto la hapa kwetu ambalo mnalijua, ametandika mkeka nje barazani na wadogo zake.

Kuna watakaosema nawatisha watu kwa mambo ya kwenye makaratasi. Haya, tuyaache makaratasi. Puerto Rico, mkesha wa mwaka mpya wa 2004, watu 19 waliumizwa na risasi ambazo wachunguzi wa afya waliona kuwa ni za kushangilia, na mmoja akafa. Usiku mmoja tu. Irak walipoifunga Saudi Arabia 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Asia, Julai 2007, nchi nzima ilitoka nje kufurahi, na watu kadhaa wakauawa na furaha hiyo hiyo. Hebu waza msiba wa namna hiyo. Unamwambia nini mama wa marehemu, kwamba tulishinda?

Na hapa nyumbani neno "hewani" lina kazi nyingine, mbaya zaidi. Ni neno la kufunikia. Februari 16, 2018, pale Kinondoni, Dar, polisi walikuwa wanatawanya wafuasi wa Chadema siku moja kabla ya uchaguzi mdogo. Mwanafunzi mwenzetu wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alikuwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa kwenye maandamano wala hakubeba bango. Risasi ikamkuta humo humo kwenye siti, akafa. Jina lake mnalijua, sina haja ya kulibeba hapa. Mimi sidai kwamba risasi ile ilipanda ikashuka. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokubali kuwa risasi ya "kutawanya", ya "kuonya", ya "kushangilia" haina mahali inapokwenda, siku risasi hiyo ikimpata mtu nchi hiyo hubaki haina pa kushika. Hakuna askari aliyesimamishwa mahakamani kwa kifo kile. Itakuwaje, ikiwa kila mtu amepiga hewani?

Watu wa Mtwara ndio hasa wanaonishangaza kwa makofi. Wenyeji wa hapa walioishi Mei 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, wanajua usiku wenye milio ukoje. Waulizeni mama ntilie wetu, watawaambia walilala wapi na watoto. Na kuna wenzetu humu humu darasani wametoka vijiji vya Ruvuma, chini kule kwenye mto unakokaribia bahari. Oktoba 2020 wale wapiganaji wa Cabo Delgado walivuka mto wakaingia Kitaya, wakaua watu, wakachoma nyumba. Sio hadithi, Jeshi la Polisi lenyewe lilithibitisha. Sasa mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni usiku ule, leo yuko Mtwara mjini kwa dada yake amelala, anasikia pa pa pa saa tano usiku. Mjomba kwake ni furaha. Kwa yule mama ni nini? Kwenye sendofu ile ile kuna binti mmoja, simtaji, alitoka nje ya turubai mlio wa kwanza tu na hakurudi tena hata kula. Tulimkuta hosteli. Hakuna aliyempigia makofi yeye.

Kinachoniuma ni kwamba hii tabia ya kusema "hewani" ina ndugu yake, na ndugu huyo anaitwa "bahati mbaya". Hawa wawili hutembea pamoja. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha za jeshi yalilipuka Mbagala. Mabomu yakaruka, yakadondoka kwenye nyumba za watu waliokuwa wanapika mchana wao, zaidi ya watu 20 wakafa. Tukaambiwa bahati mbaya. Haikufika miaka 2, Februari 16, 2011, Gongo la Mboto nako kukalipuka. (Tarehe ni ile ile ya Kinondoni, tofauti ni miaka 7. Sijui tarehe 16 Februari tumeikosea nini.) Tena watu wakafa, tena maelfu wakakimbia usiku, wengine wakalala Uwanja wa Uhuru hawajui watoto wao wako wapi. Bahati mbaya inayojirudia jiji lile lile, kwa jinsi ile ile, mimi siwezi kuiita bahati. Ghala lina funguo. Funguo zina mtu.

Linganisheni na mambo yanayotoka mbinguni kweli kweli. Agosti 14, 1992 mawe ya kimondo yalinyesha Mbale, Uganda. Kipande kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye jani la mgomba kikampiga kijana kichwani, na kijana akawa mzima. Mgomba ulimkinga! Desemba 30, 2024 kijiji cha Mukuku, kule Makueni Kenya, kilidondokewa na pete la chuma, kilo 500, upana mita 2.5, ambalo wataalamu wao walisema ni kipande cha roketi. Halikumgusa mtu. Na hata kwa chuma cha namna hiyo upo mkataba wa kimataifa tangu 1972: nchi iliyorusha chombo inalipa madhara kikianguka ardhini, hata kama hakuna uzembe. Yaani mambo ya anga za juu, ambayo yanampata mtu mmoja kwa miaka na miaka, yametafutiwa mwenyewe. Ya mjomba na bastola yake hayana mwenyewe.

Ndio maana nashuka mpaka kwenye minazi. Najua mtacheka. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Mmemaliza? Ile njia ya mkato ya kutoka hosteli kwenda madarasani inapita chini ya minazi 11, nimeihesabu. Hapo wiki iliyopita nazi ilidondoka ikapasua taa ya nyuma ya bodaboda iliyokuwa imeegeshwa, na dereva alikuwa ameshuka muda huo huo. Nazi yenye ganda lake la nje ina kilo moja na nusu hivi, na nyingine zaidi. Ikitoka mita 20 inafika chini na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Mwambie mtu akurushie kilo na nusu kutoka kwenye dirisha la basi la Dar lililo kwenye mwendo, halafu uniambie ni kichekesho.

Ile takwimu inayozunguka kwamba nazi huua watu 150 duniani kila mwaka msiitumie, haina utafiti nyuma yake. Utafiti ninaoujua ni wa daktari Peter Barss, 1984, kutoka hospitali moja ya Papua New Guinea: kwa miaka 4, asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha walikuwa wamepigwa na nazi. Ni watu wachache, lakini kila mmoja wao alikuwa na kichwa kimoja. Na dawa inajulikana. Mwaka 2010, Obama alipokuwa anakwenda kutembelea jumba la Gandhi pale Mumbai, waliangua nazi zote kabla hajafika. Kumbe inawezekana! Inategemea tu kichwa kinachopita chini ni cha nani.

Mwenye kiwanja nilimfuata mwenyewe, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaongea vizuri tu. Akasema minazi ile ni ya baba yake na haijawahi kuua mtu, na ikitokea basi ni kudra ya Mungu. Mzee, nikamwambia kwa adabu, Mungu ameumba mnazi, na akaumba mgema, na mgema anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Mkoa huu mpaka ghuba yetu ya gesi inaitwa Mnazi Bay, halafu tukose mtu wa kupanda mnazi? Akacheka. Kuangua hakuahidi.

Nikirudi kwa mjomba. Wapo walioniambia jana kwenye kibanda cha chai kwamba kupiga risasi ni fahari, ni utamaduni. Utamaduni wa nani? Sherehe za pwani hii zina vigelegele, zina ngoma, Wamakonde wana sindimba na mapiko ambayo watu wanatoka nchi za nje kuja kuyaona. Bastola imeingia juzi na watu wenye hela. Tena tangu 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Silaha inamilikiwa kwa kibali, na mtu anapewa kibali baada ya kueleza anaitakia nini. Sidhani kama mjomba aliandika "sendofu".

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka, na mwenye hoja anijibu. MC mwanafunzi, na tunao wanne hapa chuoni, akiona bastola azime muziki na asimuombee mtu makofi. Sisi tuliokaa tusipige makofi, tuondoke, hata kama pilau bado. Anayemjua mpigaji aende polisi, asiende kuanika kwenye simu video ya kuchekesha. Na kuhusu minazi, mgema nimeongea naye, anataka elfu 3 kwa kila mnazi, jumla elfu 33, madafu tutagawana. Nimepata elfu 14 mpaka sasa. Mwenye kiwanja akikubali, kazi ni Jumamosi asubuhi, na hiyo siku naomba msipite njia ya mkato mpaka saa nne.