Anayetatizwa Asigeuzwe Mtatizaji

Zamani, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili huko Kitui, mvulana wa kidato cha pili aliniandikia maneno haya chini ya karatasi yake ya mtihani: "Mwalimu, samahani, nimetatiza na swali la nne." Nilichukua kalamu nyekundu, nikayapigia mstari maneno yake, nikaandika "kosa la sarufi" na kumpa sufuri. Sikumwuliza ni kitu gani kilichomtatiza. Tangu siku hiyo hakuniandikia tena, wala hakuinua mkono darasani. Nilidhani nimemfundisha sarufi. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

Ni kweli kwamba kijana yule alikosea. Kitenzi "kutatiza" kinataka mtenda na mtendwa. Kinachotatiza ni swali; anayetatizwa ni mwanafunzi. Angeandika "Swali la nne limenitatiza", au "Nimetatizwa na swali la nne", au hata "Nimetatizika", hangekuwa na kosa lolote. Aliposema "nimetatiza" alijigeuza yeye mwenyewe kuwa kikwazo, ilhali ndiye aliyekwazwa. Kosa hilo hilo hujitokeza katika insha nyingi: "Nilishangaza kumwona mjomba," badala ya "Nilishangaa". Tofauti ni herufi moja tu, lakini hugeuza mambo yote. "Mama alimshangaa mtoto" maana yake ni kwamba mama ndiye aliyekodoa macho. "Mama alimshangaza mtoto" maana yake ni kwamba mtoto ndiye aliyekodoa macho.

Wako wanaodai kwamba makosa haya huletwa na lugha ya mama. Mimi siafikiani nao. Kikamba chenyewe hutenganisha kũseng'a, yaani kushangaa, na kũseng'ya, yaani kushangaza. Kadhalika, mũmanyĩsya ni yule anayemfanya mwenzake ajue, na mũmanyĩw'a ni yule anayefanywa ajue. Mtoto wa Mwingi au wa Mbooni huja shuleni akiwa na tofauti hii kinywani mwake tayari. Ila sisi walimu hatumwombi ailinganishe na ile ya Kiswahili. Tunakitupa Kikamba nje ya mlango, kisha tunalalamika kwamba mtoto hana pa kuanzia.

Lawama nyingine naielekeza kwa zoezi letu tulipendalo: "Tunga sentensi." Katika mtihani wa KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha huwa na alama 40 kati ya 80 za karatasi ya pili, na kwa hivyo si ajabu kwamba tunalirudia zoezi hili kila wiki. Lakini tunakubali sentensi za namna gani? Mwanafunzi huandika, "Jambo hilo lilinitatiza sana," nasi tunatia alama ya vyema. Hebu ondoa "lilinitatiza" uweke "lilinikanganya", "lilinitatanisha" au "lilinifurahisha". Sentensi bado inasimama! Basi mwanafunzi hajaonyesha kwamba anajua maana ya neno hata moja.

Sentensi nzuri hutaja sababu. Hebu tutazame mifano kutoka mazingira yetu. "Hesabu ya sehemu ilimtatiza Mutua kwa kuwa hakujua kutafuta kigawe kidogo cha shirika." Hapa pana ugumu unaohitaji kutatuliwa. "Wazee wawili waliomwelekeza njia mbili tofauti za kwenda Wote walimkanganya dereva." Hapa akili imevutwa huku na huku. "Nyayo zilizoishia katikati ya mchanga wa mto mkavu ziliwatatanisha wachungaji." Hapa pana fumbo. "Maji yaliyoshuka ghafla kwenye mto huo yalituduwaza, tukasimama kama magogo." Hapa hata kufikiri kumekoma. Ukibadilishana vitenzi hivi, sentensi zitachechemea, na huko kuchechemea ndiko ushahidi kwamba kila neno lina kazi yake.

Magazeti yetu nayo yamepanua matumizi ya neno hili. Siku hizi tunasoma kwamba mvua imetatiza uchukuzi au mgomo umetatiza masomo. Sipingi, kwani lugha ni kiumbe kinachokua. Lakini mwanafunzi asiyejua maana nyingine ila hiyo huamini kwamba kutatiza ni kuzuia tu. Husahau kwamba neno hili linaweza pia kueleza yanayompata akilini mwake.

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Makueni. Msichana mmoja aliniandikia karibu maneno yale yale ya kijana wa Kitui. Mara hii niliweka kalamu chini, nikamwita na kumwuliza: "Ni kitu gani kilichokutatiza, mwanangu?" Alinijibu kwa unyenyekevu kwamba nilikuwa nimewataka watunge sentensi kwa neno "paa". Alijua paa la nyumba, alimjua paa wa mwituni, na alijua kwamba ndege hupaa. Hakujua ni lipi nililolitaka, maana sikusema. Niliona haya. Swali langu ndilo lililokuwa na utata. Akili ya mtoto ilikuwa timamu. Kosa lake la sarufi tulilisahihisha kwa dakika mbili. Kosa langu lingedumu miaka, laiti nisingeuliza.

Akina mama wa Ukambani wanaosuka viondo kwa nyuzi za katani wanajua vizuri maana ya kutata. Uzi ukitatana, hawautupi wala hawauvuti kwa hasira. Hutafuta ncha yake na kuutatua polepole. Kiswahili kimeyaweka maneno hayo mawili katika mzizi mmoja: tata na tatua. Vivyo hivyo tuna fumba na fumbua, tega na tegua, funga na fungua. Hata katika ndai zetu, anayesema "Kwata ndai!" na kujibiwa "Nakwata," hutega akijua kwamba jibu lipo na kwamba litatolewa kabla ya watoto kulala. Hawatatizi wajukuu ili awaaibishe.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: tunapofundisha "kutatiza", tufundishe siku iyo hiyo "kutatua". Tusikubali sentensi isiyotaja kinachotatiza, anayetatizwa na sababu yake. Na mwanafunzi akituandikia kwa sarufi mbovu kwamba ametatizika, tujibu kwanza shida yake, kisha tusahihishe sarufi yake.

Nanyi wanafunzi, msitosheke kusema, "Sielewi." Semeni, "Kinachonitatiza ni hiki." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kijana yule wa Kitui aliuliza kwa lugha aliyokuwa nayo, na jibu alilopata lilikuwa wino mwekundu. Sijui yuko wapi leo. Swali la nne bado nalikumbuka, na hadi leo sijui lilimtatiza wapi.