Kulala ndani ya gari: nani ana ndoto, nani ana kosa?

Wadau, leo nataka tugombane kidogo. Ugomvi wenyewe ni juu ya hawa jamaa wa majuu wanaoacha nyumba, wanauza makochi na makabati, wananunua vani (haya magari ya umbo la Hiace, ila marefu zaidi), wanaweka kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni na paneli za sola juu ya paa, halafu wanaaga. Hawaendi likizo. Ndiyo wamehamia humo. Leo wako jangwani Arizona, wiki ijayo wako ufukweni California, na wakiamka wanafungua milango ya nyuma wanapiga picha ya miguu yao, na bahari kwa mbele. Chini ya picha wanaandika kwamba sasa wako huru.

Picha hizo zimeshafika Bongo siku nyingi. Sisi waandishi tunazipenda, maana ni habari rahisi: "Wanandoa waliouza kila kitu na kuhamia barabarani." Unatafsiri, unabandika picha nne, ukurasa umejaa. Hata vijiweni ninakokaa mimi, kwa watu wenye shahada zao, utamsikia mtu anasema akishika hela atanunua Noah, atoe viti vya nyuma, aachane na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Namwelewa. Nami nalipa miezi sita kwa mkupuo. Hamu hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na neno "uhuru". Nasema hivi: kitendo kile kile, cha kulala ndani ya gari, kikifanywa na mtu mwenye mahali pa kurudi kinaitwa ndoto. Kikifanywa na asiye na pa kurudi kinaitwa kosa. Sasa ukilisifia la kwanza na kulinyamazia la pili, wewe husifii uhuru. Unasifia pesa.

Mnaona natia chumvi? Twendeni taratibu.

Mwaka 2011 kijana mmoja wa Kimarekani, Foster Huntington, aliacha kazi ya ubunifu katika kampuni ya nguo ya Ralph Lauren jijini New York, akahamia kwenye Volkswagen Syncro ya mwaka 1987. Akawa anabandika picha mtandaoni na kuzipa alama ya #vanlife. Mchezo ukaanzia hapo. Kijana wa watu hakumkosea mtu, gari lenyewe lilikuwa mkweche. Lakini biashara haikawii. Leo Mercedes Sprinter iliyokarabatiwa na mafundi wa kazi hiyo, yenye friji, bafu na betri za lithiamu, inapita dola 100,000 bila shida. Kwa hela hiyo hapa Dar unajenga nyumba na chenji inabaki. Halafu tunaambiwa mwenye gari hilo ameupa mgongo utajiri!

Sasa geuza shilingi uone upande wa pili. Kwa hesabu za serikali ya Marekani yenyewe, mtu anayelala ndani ya gari kwa kukosa nyumba anahesabiwa kuwa hana makazi, sawa na anayelala chini ya daraja. Sheria yao ya mwaka 1987 iitwayo McKinney-Vento inamtaja hivyo hivyo mtoto wa shule anayelala garini na wazazi wake. Katika hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024, wasio na makazi nchi nzima walikuwa 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hizo zianze. Humo wamo waliolala ndani ya Toyota na Ford zao, wamefunika vioo kwa mataulo. Hao picha zao hutaziona zikisifiwa popote.

Na sheria inasemaje? Hapa ndipo utamu ulipo, au tuseme uchungu. Mwaka 1983 jiji la Los Angeles lilitunga sheria ndogo ya kukataza watu kuyafanya magari makazi yao. Sheria ikakaa miaka thelathini. Watu waliokamatwa kwa sheria hiyo wakaenda mahakamani, na Juni 2014 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, kanda ya 9, ikaifuta. Sababu? Majaji walisema sheria haieleweki. Ilivyoandikwa inaweza kumnasa dereva yeyote anayekula ndani ya gari au aliyebeba mizigo yake, mpaka mtu anayekatiza jiji na gari lake la kambi akielekea likizo. Lakini, wakasema, inavyoonekana ilikuwa inatumika kwa wasio na makazi tu. Soma tena hapo. Polisi walikuwa na sheria ya kumkamata kila mtu, na walijua wenyewe wamkamate nani. Hawakuhitaji kuambiwa. Gari lilijieleza: rangi imebabuka, nguo zimerundikana kwenye dashibodi, mwenyewe mweusi au mzee au mgonjwa.

Mkidhani mambo yamekuwa mepesi tangu hapo, mmekosea. Juni 28, 2024 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliruhusu mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini watu wanaolala maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kulala. Faini zenyewe zilianzia dola 295. Hebu niambieni, asiye na hela ya chumba ataitoa wapi dola 295? Asipolipa, deni linakua, na kwa deni hilo nani atampangisha? Julai 2025 San Francisco nayo ikapitisha kwamba magari makubwa yasiegeshwe barabarani kwa zaidi ya saa 2 jijini kote. Waliolengwa ni familia zilizokuwa zinaishi humo kwa sababu kodi za mji ule zimewashinda. Saa 2! Hapo utaita nini kuhama kwake? Uhuru wa kusafiri?

Najua atakuja mtu aniambie: kaka, si wote ni matajiri, wengi wamenunua mikweche na kugongelea mbao wenyewe. Kweli kabisa, na hao ndio ninaowaheshimu. Yupo mzee mmoja, Bob Wells. Mwaka 1995, baada ya ndoa yake kuvunjika, mshahara wake kule Anchorage, Alaska, haukutosha kodi. Akanunua gari la mizigo akahamia humo, na amesimulia mwenyewe kwamba siku za mwanzo alikuwa akilia usiku. Baadaye akalizoea na akalipenda. Mwaka 2005 akafungua tovuti ya kuwafundisha wenzake jinsi ya kuishi garini kwa hela kidogo: choo cha ndoo unakitumiaje, baridi unaikingaje, barua zako zitapitia wapi, kwenye ardhi ya serikali unaruhusiwa siku ngapi (kwa kawaida ni 14, kisha uondoke). Yeye hakuanza kwa kusema uhuru. Alianza kwa kusema mshahara hautoshi. Hiyo ndiyo tofauti.

Wenzake Wells wengi ni wazee. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuata barabarani, na mwaka 2017 akatoa kitabu kiitwacho Nomadland. Aliwakuta watu wa miaka sitini na sabini, waliofanya kazi maisha yao yote, nyumba zao na akiba zao zikaondoka na mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Wakawa wanazunguka na magari yao wakifuata vibarua: kuvuna viazi sukari, kulinda kambi za watalii, kupanga mizigo kwenye maghala ya Amazon msimu wa Krismasi. Kampuni ilikuwa na mpango maalum wa kuwaajiri watu hao wa kwenye magari, ikiuita CamperForce. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilichukua Oscar ya filamu bora Aprili 2021. Watu wakapiga makofi, wakasifia mandhari ya jangwa na machweo. Mimi najiuliza kuhusu bibi wa miaka sabini anayetembea kilomita kadhaa kwa siku ndani ya ghala, halafu analala kwenye maegesho. Kama huo ni uhuru, basi na mzee wetu anayekesha na rungu getini Masaki yuko huru, maana analala nje na anaona nyota.

Mtaniambia tena: wewe unaona wivu, kila mtu ana haki ya kuchagua. Sawa, tuliangalie hilo neno "kuchagua". Wahenga wa pwani walisema aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka jahazi lote, nenda nyuma nenda mbele, mwisho utarudi ndani kwenye ngama. Kuchagua maana yake una ngama. Una mama mwenye chumba cha wageni, una shahada ya kukurudisha kazini, una akiba, una pasi ya nchi inayofungua mipaka. Injini ikifa Utah utapiga simu nyumbani. Aliyefukuzwa na mwenye nyumba hana wa kumpigia. Wote wawili wanalala kwenye godoro la sentimita kumi, wote wawili wanakojoa kwenye chupa usiku. Lakini mmoja yuko safarini, mwingine yuko ukimbizini ndani ya nchi yake. Picha haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Maneno ndiyo yanaweza, na sisi ndio wenye kazi ya maneno.

Mkitaka, na rangi tuitaje. Marekani ile ile, kuanzia mwaka 1936, tarishi mmoja wa Harlem, Victor Hugo Green, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaelekeza Wamarekani weusi hoteli gani, mgahawa gani na kituo gani cha mafuta kitawapokea wakiwa safarini. Kilihitajika kwa karibu miaka thelathini. Sasa kijana mweusi aegeshe vani mbele ya nyumba ya watu saa saba usiku, azime taa, avute pazia. Mnadhani atakayemgongea kioo atamuuliza habari za machweo?

Na tusijifanye haya ni ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1983, mwaka ule ule Los Angeles ilipotunga sheria yake, sisi tulikuwa na Nguvu Kazi. Watu walisombwa mitaani Dar es Salaam kwa kukosa kitambulisho cha kazi, wakaitwa wazururaji, wakapelekwa mashambani. Sheria za uzururaji tulizirithi kwa Mwingereza na tukazitunza vizuri kuliko reli zake. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo lake. Kwa hali yake! Ndiyo hoja yangu nzima hiyo, wameisema majaji.

Halafu angalieni tunavyogawa sifa. Utingo analala chini ya trela kwenye foleni ya Tunduma, hakuna anayempiga picha. Konda analala ndani ya kipanya ili awahi abiria wa alfajiri, tunamwita mhuni. Mfugaji anayehama na ng'ombe zake anaambiwa atulie sehemu moja aendelee. Mtalii anayehama na hema juu ya Land Cruiser anaambiwa karibu sana, hakuna matata. Kuhama ni kule kule. Anayehama ndiye kabadilika.

Kwa hiyo sisemi msiishi kwenye magari. Mwenye kutaka Noah yake aende nayo, na Mungu ampe matairi mazima. Ninachotaka ni mambo mawili. La kwanza, ukijisifu, taja bei: gari shilingi ngapi, matengenezo shilingi ngapi, nyumbani kwenu nani anakusubiri. La pili, na hili ndilo kubwa, simama upande wa yule mwingine. Mji unapotaka kuondoa magari "machafu" yenye watu ndani, wewe mwenye gari safi ndiye wa kwanza kusikilizwa. Sema. Sheria ikataze kumwaga kinyesi mtaroni, ikataze kuziba njia ya gari la zimamoto, na imbane tajiri na maskini sawasawa. Isikataze usingizi.

Na kwetu sisi wenye kalamu: ile habari ya wanandoa waliouza kila kitu ikikujia tena mezani, kabla hujaitafsiri uliza swali moja tu. Hao hao wangekuwa na gari bovu na watoto watatu, kichwa cha habari kingekuwa hicho hicho? Kama jibu ni hapana, basi habari yako bado hujaiandika.

Haya, anayetaka kunibishia aje. Nipo.