Nyuki Hana Mpaka wa Shamba

Shina la maboga huzaa maua dume na maua jike mbalimbali. Chavua yake ni nzito, tena inanata. Upepo hauwezi kuichukua. Nyuki asipopita asubuhi, kabla ua halijafumba, boga changa husinyaa na kudondoka. Hata hivyo wako miongoni mwetu wanaonyunyiza dawa ya wadudu saa hizo hizo, maua yakiwa wazi. Nyuki hufa, na hasara humwangukia mjane mwenye shamba la jirani, ambaye hakununua hata chupa moja ya dawa. Tusiliite jambo hili bahati mbaya. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wapatane na wakulima: dawa, ikibidi, ipigwe jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na mwenye mizinga aarifiwe mapema.